Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Karatasi

Siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu Yohana, wazee waliniita chumbani kwake, wakanikalisha juu ya ngozi kama mgeni wa heshima, wakanipa mfuko mdogo wa ngozi ya mbuzi uliofungwa kwa kamba. "Ng'ombe wako hawa," alisema mkubwa wao. "Marehemu alisema warudi kwako." Daudi, mtoto wa kaka, ambaye ni mwalimu na hawezi kukaa msibani bila kuchekesha watu, aliniinamia sikioni. "Shangazi, ukiwapeleka hao benki watakuuliza Kaisari anaishi mtaa gani." Nilimwambia anyamaze, nikaufungua. Ndani mlikuwa na noti kumi na moja za Mdachi, kila moja imeviringishwa na kufungwa kwa singa za mkia wa ng'ombe: singa nyeusi, nyeupe, za rangi ya majivu, za rangi ya asali. Noti kumi zilikuwa za wakati wa vita, karatasi duni isiyo na urembo wowote, na sahihi za wino zilizofifia. Moja ilikuwa ya zamani zaidi, karatasi nzuri yenye picha ya simba. Chini kabisa, peke yake, lilikuwapo fundo la singa nyekundu ambalo halikufunga kitu. Singa za fundo lile nilizijua. Nililitazama, na mimi bibi wa miaka sabini na kitu nikapandwa na hasira ya msichana wa miaka kumi na saba.

Nitaeleza hasira hiyo ilianzia wapi, na ilikoishia. Habari za nani alimzaa nani sitazigusa. Anayezitaka akaulize kwa wazee wa ukoo, wanazo na wanapenda kuulizwa. Mimi nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa mwisho wa Mjerumani, tuliyemwita Mdachi, huku kwetu, wakati kaya yetu ilikuwa upande wa Nkuhungu. Leo huko kuna nyumba za bati na watoto wanaendesha baiskeli. Siku hizo kulikuwa na vichaka, fisi na tembe letu refu la udongo, lililozunguka ua wa ng'ombe pande tatu. Nilikuwa nimerudi kutoka Mpwapwa, nilikokaa misheni misimu miwili, na nilirudi nimevimba kichwa. Nilijua kusoma. Nilijua kuhesabu mpaka mia bila kukunja vidole. Mama yangu alihesabu ng'ombe kwa kuwaita majina, na asiyeitikia ndiye aliyepotea. Nilimwonea huruma kwa hilo, Mungu anisamehe.

Mpwapwa nilipata pia mchumba, Ndahani, kijana mwenye miguu mirefu na maneno machache, na mwaka ule ng'ombe wa mahari yangu wakaja. Kumi na wawili. Watu wao waliwaswaga siku nyingi kutoka Mpwapwa, wakaingia uani jioni wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alitoka na kibuyu cha maziwa ya mgando akawanywesha wageni kabla hata ya kuwasalimia, kisha akazunguka kati ya ng'ombe akiwashika mmoja mmoja mgongoni na kuwapa majina. Majina yenyewe yalikuwa ya Kigogo, lakini nayaandika kwa Kiswahili ili wajukuu zangu wa mjini waelewe: Majivu, Shingo Ndefu, Asali, Mama wa Mvua, Kilema, na wengine. Wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, mzuri kuliko wote, akitembea kwa kuchechemea kwa sababu ya kidonda cha mguu. Huyo Mama alimwita Paji. Usiku ule tulikula ugali wa uwele na mlenda, na niliwaona wajomba na baba wadogo wakitembea kwa macho katikati ya ua, kila mmoja akimtazama ng'ombe wake.

Maana mahari kwetu si mali ya baba peke yake. Kila ng'ombe ana mtu wake: huyu wa baba mkubwa, huyu wa bibi aliyemlea mama, huyu wa kaka ili naye aoe. Na fungu la mjomba, ndugu wa mama, ndilo linalofunga ndoa. Mjomba asipokula, msichana hajaolewa, hata kama amezaa watoto sita. Paji alikuwa fungu la Mjomba Malogo, na hilo lilijulikana tangu alipoweka kwato uani. Kilichobaki ilikuwa kumsubiri Baba, aliyekuwa amechukuliwa upagazi upande wa Kondoa kwenye vita, ili ng'ombe wagawanywe mbele yake. Tulisubiri mwezi, tukasubiri wa pili. Mjomba Malogo alihamia kwetu kulinda kaya. Alikuwa mtu mkavu, mwenye mfuko wa tumbaku kiunoni na kiko mdomoni hata kikiwa hakijawashwa, na alinipenda kwa namna yake. Kila asubuhi alinisalimia, "Mbukwa, mwenye ng'ombe," nami nikacheka.

Askari walikuja asubuhi, mimi nikitwanga. Watoto wa malisho walitangulia mbio kusema kwamba Mdachi anakusanya ng'ombe kwa ajili ya nyama ya wanajeshi, na kwamba wasichana nao wanachukuliwa kubeba mizigo. Mama hakuuliza mara mbili. Alinishika mkono, akanipeleka chumba cha mwisho na kuniingiza ndani ya kihenge, lile kapu kubwa la nafaka lililo refu kuliko mtu, ambalo mwaka ule lilikuwa tupu kwa sababu mvua ilikuwa imetukataa. Akafunika juu kwa ungo. Nilichuchumaa mle gizani juu ya makapi ya mtama, nikinusa panya. Kila ninachojua kuhusu siku ile nilikijua kwa masikio.

Nilisikia kwato, amri, kisha sauti laini ya karani aliyekuja na askari, Mswahili wa pwani, msafi hata kwa sauti. Alisema serikali haiibi, serikali inanunua. Akasema atalipa sasa hivi, na akataja noti mbili kubwa kwa ng'ombe wote.

"Mbili?" Mama aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ng'ombe hawa ni wawili?"

"Mama, hizi ni noti kubwa. Thamani yao yote imo humu ndani."

"Ng'ombe haingii ndani ya ngozi ya ng'ombe mwenzake. Kila mmoja na karatasi yake."

Askari wakaangua kicheko. Karani akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba noti moja kubwa ni sawa na ndogo nyingi. Mimi ndani ya kihenge nilikuwa nikiungua kwa aibu, kwa sababu nilijua karani anasema kweli. Nilifundishwa hivyo hivyo misheni. Nilitamani nitoke nimwambie, "Mama, chukua, unatuchekesha mbele za watu." Mama hakuchukua. Alikaa chini, nikasikia bangili zake zikigonga kizingiti, akasema kama ni hivyo wampige risasi yeye kwanza, ndipo wawaswage. Karani akapiga kite, akaagiza sanduku la noti ndogo liletwe kutoka kwa wenzao waliokuwa kaya ya jirani.

Hapo Mjomba Malogo alipasuka. "Mimi siwezi kukaa nikisikiliza upuuzi wa dada yangu!" alifoka. "Naenda kutafuta tumbaku. Mtakapomaliza mnizike." Nyayo zake zikaishia upande wa nyuma wa tembe, na askari wakacheka tena. Mmoja akasema mwenye akili katika kaya hii ameshaondoka.

Sanduku lilipofika, Mama alianza upya. Karatasi hii imekunjwa, hataki. Hii ina doa, nipe nyingine. Kisha akasema hakuna ng'ombe atakayetoka uani mpaka akate singa za mkia wake na kufungia karatasi yake, ili ajue nani ni nani. Karani aliapa kwa Mungu na kwa Mtume. Nikasikia kisu, kwato zikisogea, Mama akiita jina, akikata, akifunga, taratibu kama mtu anayesuka ukili. Noti za vita zikaisha. Karani akatoa ile ya zamani, akamgawia Kilema, aliyekuwa mzee na wa bei ndogo. Kisha Mama akapaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Simba! Unaniletea simba zizini? Mimi nakupa ng'ombe, wewe unanipa simba?" Walibishana juu ya simba yule mpaka jasho likanitiririka mle ndani. Mwishowe karani mwenyewe, kwa sauti iliyochoka kabisa, alikubali kumviringisha simba kwa ndani ili ng'ombe wasimwone.

Nilikuwa nikihesabu. Msichana wa misheni angefanya nini kingine? Kila jina likiitwa nilikunja kidole, ingawa nilidai vidole sivihitaji. Ng'ombe walipotoka na vumbi likatulia, Mama akaja akaondoa ungo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa amesimama wima kama nguzo. Nilimwambia, na ndilo neno la kwanza nililomwambia mama yangu siku aliyopoteza ng'ombe wote: "Karatasi ni kumi na moja, Mama. Karani amekuibia moja." "Ni kumi na mbili," akasema. "Moja, ya Paji, iko kwa mjomba wako. Hesabu zako za misheni zimeruka." Nami nikaamini kwamba zimeruka, kwa sababu nilikuwa ndani ya kapu na kwa sababu Mama hakuwa mwongo.

Baba hakurudi. Tulipata habari kwa mpagazi mwenzake, na baada ya matanga ndugu walikusanyika uani petu kuamua juu yangu. Ua ulikuwa mweupe, hauna hata mavi ya ng'ombe. Wa upande wa Ndahani walikuja wawili wakakaa pembeni, wakisema walichokuwa wamekitoa wamekitoa, vita si kosa lao. Baba mkubwa alisema yeye hawezi kula karatasi, arudishiwe ng'ombe au msichana asiende. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango na bibi mmoja aliyekuwa akichambua mlenda. Nilimtaka Ndahani. Nasema hivyo waziwazi sasa kwa sababu nimezeeka na hakuna wa kunicheka.

Mama aliingia katikati yao na mfuko wa ngozi. Alitoa karatasi moja moja. "Huyu ni Majivu, wa baba mkubwa. Hizi singa zake, mnazijua. Huyu ni Asali, wa bibi. Huyu ni Mama wa Mvua, wa Yohana, ili naye aoe." Akaweka kila moja kwenye kiganja cha mwenyewe. Na hapo nikaona kwa mara ya kwanza kitu ambacho karani na misheni yote hawakukijua. Noti mbili kubwa zisingegawanyika. Zingekaa kwa mmoja, wengine wangepiga kelele, na mimi ningezeekea kwa mama yangu. Lakini mtu aliyeshika singa za mkia wa ng'ombe aliyemtazama kwa miezi miwili hawezi kusema hakupewa ng'ombe wake. Baba mkubwa alinusa zile singa za Majivu, akazifunga kwenye nguo yake.

Likabaki fungu la mjomba. Watu wote wakamgeukia Malogo. Alitoa kiko mdomoni, akatema mate pembeni. "Langu nilishalivuta," akasema. "Siku ile ile. Nilikosa cha kuwashia kiko, nikaviringisha karatasi, nikawasha. Moshi wake ulikuwa mbaya." Bibi aliyekuwa karibu nami akaangusha ungo wa mlenda. Lakini Malogo aliendelea, bila kunitazama: "Nimekula fungu langu. Mtoto aende kwa mumewe." Na kwa sababu mjomba amesema amekula, hapakuwa na mtu wa kupinga. Nikaolewa.

Nikaolewa, ndiyo, lakini nilifika Mpwapwa na jina mgongoni. Wifi yangu, dada wa Ndahani, mwanamke mwenye ulimi unaokata hata ukimya, alikuwa ameshasikia yote kabla sijashusha mzigo. "Karibu, mke wa moshi," aliniambia mlangoni. "Ng'ombe wetu kumi na wawili, na aliyefunga ndoa ni kiko!" Jina likashika. Chakula kikiungua, mke wa moshi. Mtoto akikohoa, ni ule moshi wa mjomba wa mama yake. Ndahani hakulitamka hata siku moja, lakini hakuweza kulizuia. Kila lilipotajwa nilimlaani Mjomba Malogo moyoni. Wengine walichukua karatasi wakaziheshimu, yeye aliyenipenda akaniwasha moto. Nilipokwenda kusalimia nyumbani nilimpita uani bila kumwamkia, na kwetu hilo si jambo dogo. Naye alinipisha tu, na kiko chake.

Mdachi alishindwa, akaja Mwingereza, na noti zile zikawa takataka. Hapo ndipo ndugu zangu walipoanza kuzirudisha. Mmoja alikuja na yake akaibwaga miguuni mwa Mama kwa matusi. Mwingine aliizibia ngoma yake ikatoboka. Ya bibi ililiwa na mchwa kona nzima. Ile ya simba ilirudi imelowa, kwa sababu baba mdogo aliyepewa alikuwa akiilaza nje kila siku asije akaamka akakuta ndama hayupo. Mama alipokea kila moja kwa mikono miwili, akaifuta, akaita jina lake, akairudisha mfukoni. Yohana aliniambia Mama alikuwa akiwaanika juani kila baada ya masika, wote kumi na mmoja, kwenye ungo, na hakuna kuku aliyethubutu kupita karibu. Watu walisema ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nilisema hivyo pia.

Kisha ikaja ile njaa ambayo wazee bado wanaiita Mtunya. Sitaieleza, wanaoijua wanaijua. Nitasema tu kwamba siku moja, tukiwa tumeshachemsha ngozi za kulalia, Mama alitufikia Mpwapwa kwa miguu akiswaga ng'ombe jike mwekundu mwenye ndama. Alikuwa amekonda mpaka bangili zimehamia juu ya kiwiko. Alisema amempata kwa rafiki, wa kumtunza, na kwamba maziwa ni yetu na uzao wake ni wangu. Paji lake jeupe lilinikumbusha yule wa mjomba, lakini huyo nilijua ameshaliwa na wanajeshi, na wa rangi ile ni wengi. Niliangalia nyuma yake nikamwona Mjomba Malogo amekaa ng'ambo ya korongo, chini, na mkuki wake magotini. Alikuwa amemsindikiza dada yake njia nzima kwa sababu ya fisi na wezi. Hakuvuka. Alijua sitamwamkia. Na mimi, ambaye nilikuwa na mtungi wa maji mkononi, sikumpelekea hata kata moja. Maziwa ya ng'ombe yule yaliokoa kaya nzima, mama mkwe, watoto, na wifi yangu pamoja na ulimi wake. Malogo alipokufa miaka mingi baadaye, nilisema miguu inaniuma, sikwenda kuzika.

Basi nilikuwa nimekaa juu ya ngozi chumbani kwa Yohana, na fundo la singa nyekundu kiganjani, wazee wametoka, Daudi ameitwa kula. Nje wanawake walikuwa wakisonga ugali wa matanga na mwiko ulisikika ukigonga sufuria. Rebeka, binti wa Mjomba Malogo, aliingia akafunga mlango. Sikuwa nimezungumza naye zaidi ya salamu kwa maisha yetu yote.

"Dada," alisema, "umehesabu?"

"Kumi na moja. Ya kumi na mbili baba yako aliivuta, kila mtu anajua."

"Ya kumi na mbili haikuwapo."

Nilimwambia aseme vizuri, mimi ni mgonjwa wa magoti, sina nguvu ya mafumbo. Akakaa chini. Akasema baba yake alimwapisha asitoe neno mpaka wote waliopokea karatasi wawe wamekufa, na Yohana ndiye alikuwa wa mwisho. Siku ile askari walipokuja, Paji hakuwa uani. Alikuwa chumba cha ndama upande wa nyuma, kwa sababu ya kidonda, akipakwa majivu. Mama na Malogo hawakupata nafasi ya kupanga chochote. Mama alianza tu kubishana juu ya karatasi, akamtazama ndugu yake mara moja, na ndugu yake akaelewa. Akafoka, akatoka kutafuta tumbaku. Kengele ya Paji aliijaza tumbaku yake yote, ya msimu mzima, akaishindilia isilie, akamtoa kwa mlango mdogo na kumpeleka vichakani kwa mwendo wa mguu mbovu. Kila dakika aliyoihitaji, Mama alimnunulia. Doa kwenye noti. Singa. Simba. Wangemkamata, ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwake na pengine kamba ya shingo kwa wote wawili. Wakamficha Paji kwa rafiki, na Mama akakata singa za mkia wake, akazifunga bila karatasi.

"Sasa mbona asiseme baadaye?" niliuliza. "Mdachi aliondoka!"

"Angesema, dada, baba mkubwa angetupa karatasi yake siku hiyo hiyo. Wote wangetupa. Kwa nini Malogo ana ng'ombe anayepumua, sisi tuna singa? Ndoa yako ingevunjika uani pale pale. Ilikuwa lazima fungu lake liwe baya kuliko ya wengine wote, ndipo wanyamaze." Akajifuta macho kwa kona ya khanga. "Alisema alitafuta uongo, akakosa, akakumbuka tumbaku yake iliyoko kwenye kengele. Akasema amevuta."

Nilimfikiria yule mtu mkavu ng'ambo ya korongo na kiu yake, akimtazama ng'ombe wake mwenyewe akiingia zizini kwangu. Hilo litaniuma mpaka nizikwe na sitaki liache. Lakini juu ya maumivu yale kilinipanda kitu kingine mpaka nikashindwa kukaa, nikasimama na magoti yangu mabovu katikati ya chumba. Mama yangu! Mwanamke aliyeita ng'ombe majina kwa sababu hakujua tarakimu, ambaye bintiye msomi alimwonea haya ndani ya kapu, alimshika karani wa Kaisari na bunduki zake kwenye kizingiti chake mwenyewe kwa kutwa nzima, kwa ujinga ambao hakuwa nao. Askari wote walimcheka, na yeye akawaacha wacheke. Nimesoma kidogo, nimekutana na wenye vyeo wachache, na sijaona mwenye akili kama yule. Na kuhesabu nilihesabu sawasawa. Kumi na moja. Kwa miaka hamsini nilidhani nilikosea.

Kesho yake Rebeka alinipeleka kwenye kaburi la Mjomba. Sikuwa na la kusema ila lile nililomnyima. "Mbukwa, mjomba," nikasema, nikamwaga maji, mtungi mzima.

Nimerudi Mpwapwa kwa basi, na mfuko kifuani chini ya nguo. Nilishuka jioni, wakati wa kukamua. Wifi yangu bado yupo, haoni vizuri siku hizi lakini ulimi hauna mtoto wa jicho. Alikuwa amekaa mlangoni, kikombe chake cha bati mkononi, akisubiri maziwa kama alivyosubiri kila jioni tangu njaa ile. "Umerudi, mke wa moshi," alisema. "Haya, kaka yako amekurithisha nini? Zile karatasi?"

Nilikwenda zizini kwa yule jike mwekundu, kitukuu cha kitukuu cha aliyekuja na Mama, mwenye paji jeupe kama wote wa uzao ule. Nilishika mkia wake nikaweka fundo la mfukoni juu yake. Singa hazikutofautiana. Nikamkamua mwenyewe, nikarudi, nikamjazia wifi kikombe mpaka povu likapanda, nikangoja anywe. Alikunywa chote, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Tamu. Yamekuwa matamu siku zote."

"Ndiyo mahari yangu hiyo, wifi," nikasema. "Umeinywa miaka hamsini."